Kabaki Nani Joshoni

Jioni ile nyumba ya Mama Queen ilinuka dawa, na watoto wake walikuwa weupe kuanzia shingoni hadi kwenye nyayo. Chenge, ambaye alikuwa bado hajaanza darasa la kwanza, alisimama juu ya beseni lililogeuzwa, mikono ameitanua, anacheka na kulia kwa wakati mmoja, maana dawa ilimchoma kila mahali alipokuwa amejikuna hadi damu. Dada yake, Queen, alikuwa nyuma anampuliza mgongoni ili akauke upesi. Mlango ulikuwa wazi upande wa ziwa. Mwanga wa mwisho wa jua uliruka kwenye maji, ukapanda juu ya mawe ya mtaa wa Igogo, Mwanza, na kuingia mpaka sakafuni, ukawakuta watoto hao wawili wameng'aa kwa dawa.

"Mama, nimekuwa mzungu," Chenge alisema.

"Mzungu wa Igogo. Geuka nikupake makwapa."

Upele ulikuwa umeingia nyumba hiyo mwanzoni mwa masika, na hakuna aliyejua ulipita wapi. Igogo nyumba zimebanana, ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule, na watoto wa majirani wote hulalia mkeka mmoja kwa yule mwenye televisheni. Upele hauhitaji kubisha hodi. Ulianza katikati ya vidole, ukaenda kwenye viganja, ukazunguka kiuno. Mchana uliwaacha watu wafanye shughuli zao, na walipojilaza, miili ikapata joto, nao ukaamka.

Katika chumba cha pili, nyuma ya pazia la maua, alikuwemo baba mkwe wa Mama Queen, Mzee Luhaga. Alikuja mjini kutoka Hungumalwa baada ya mkewe kufariki na ng'ombe wake wa mwisho kuuzwa. Alilala kitanda kimoja na Chenge. Upele wa watu wote wa nyumba ile ukijumlishwa haukufikia wake, lakini alivaa shati la mikono mirefu hata kwenye joto, na hakuwahi kulalamika.

Jioni ile alisikia harufu ya dawa, akasikia vicheko. Akaelewa. Alikuwa ameoga. Akavua shati, akalikunja vizuri, akaliweka magotini, kisha akakaa ukingoni mwa kitanda kifua wazi, akisubiri zamu yake. Mwanga ulitambaa ukutani, ukapanda juu, ukatoka dirishani. Aliyekuja ni Queen, na alichobeba ni sahani ya ugali na mchuzi wa sangara.

"Babu, karibu chakula."

"Mmemaliza?" mzee aliuliza.

"Tumemaliza, babu. Mama amenawa, na chupa ametupa."

Mzee Luhaga alilivaa tena shati lake, akafunga vifungo vyote hadi cha shingoni, ndipo akanawa mikono akale.

Hakuna mtu aliyemchukia. Hilo tuliseme mapema, tusije tukamsingizia mtu. Mama Queen alimheshimu baba mkwe wake kupita kiasi, na taabu yote ilianzia hapo. Alikuwa amelelewa Kisukuma hasa, na kwao mkamwana haingii chumba cha baba mkwe, hagusi matandiko yake, hakai alipokaa, na wala hatamki jina lake. Tangu aolewe, jina lile halikuwahi kupita kwenye midomo yake hata kwa bahati mbaya. Hata maneno hakumpelekea moja kwa moja. Alisema, "Queen, mwambie babu maji ya kuoga yako tayari," na babu yupo palepale, amekaa, amesikia. Naye alijibu kwa njia hiyohiyo: "Mwambie mama ahsante." Maneno yao yalipitia kwa mtoto kila siku, na wote watatu waliona ni sawa kabisa.

Kwa hiyo kwenye zahanati, nesi aliyeitwa Wilhelmina, mama mnene mwenye haraka zake, alipomuuliza, "Nyumbani mko nani na nani? Nitajie, nikupimie dawa," Mama Queen alijibu:

"Mimi, na Queen, na Chenge huyu. Baba yao yuko Geita, mgodini, huja mwisho wa mwezi."

"Na mwingine?"

Lilibaki jina moja. Lilifika kooni likasimama. Tena aliona aibu, maana kumweleza mtu baki habari za ngozi ya baba mkwe wako ni sawa na kumvua nguo barabarani. Na ukweli mwingine, huu hakuujua hata yeye mwenyewe: katika miaka yote ile hakuwahi kufikiri kwamba mzee yule ana mwili unaoweza kuwasha.

"Ndio hao tu," alisema.

* * *

Upele ulinyamaza kwa muda, kisha ukarudi. Ulianza kwa Chenge, ukamfuata Queen, na Mama Queen mwenyewe akajikuta anajikuna kiuno huku anakaanga mapanki, mifupa ya sangara, ya kuuza pale barazani. Aliosha, akachemsha, akaanika. Mashuka yake na ya watoto yalitanda juu ya mawe nyuma ya nyumba, yakipepea, na korongo wakubwa wenye vipara wakayazunguka kama wakaguzi. Mashuka ya kile chumba cha pili hayakuwemo. Hayo yalifuliwa na mzee mwenyewe kwa maji baridi, alfajiri, ili mkamwana asiyaone.

Watu wakaanza kuona. Mwalimu wa chekechea, Janet, alimsimamisha Mama Queen getini.

"Samahani, Mama Queen. Mtoto apumzike kwanza nyumbani. Wazazi wenzako wanalalamika."

"Tumempaka dawa, mwalimu. Wote tumepaka."

"Najua, mama. Apumzike tu."

Bombani, mama mwenye nyumba, Selina, aliosha mpini wa bomba kwa sabuni mara Mama Queen alipoondoa ndoo yake, akiwa bado hajafika hata kwenye kona. Wateja wa mapanki nao wakaanza kuangalia mikono yake kabla ya kuangalia samaki. Mama Queen alilia siku hiyo, akalia kwa hasira, huku anaendelea kukaanga.

Mzee Luhaga naye alikuwa na yake, asiyomwambia mtu. Kila alasiri alishuka hadi kwenye benchi la drafti, chini kidogo karibu na soko, ambako wastaafu na mafundi viatu hucheza kwa vizibo vya soda na kelele nyingi. Alikuwa mchezaji mzuri, mwenye kejeli tamu za kifugaji. "Kete yako hiyo imekonda, bwana, ipeleke malishoni," alikuwa akiwaambia, nao wanacheka. Siku moja alinyoosha mkono kusogeza kete, mkono wa shati ukapanda, benchi zima likaona.

"Mzee, leo tazama tu," alisema Josephat, fundi viatu, kwa upole uliouma zaidi ya tusi. "Mikono ipumzishe."

Wakamletea kahawa kwenye kikombe kilichofungwa uzi mwekundu kwenye mshikio. Kesho yake kikombe kikawa kilekile, na kesho kutwa. Mzee akacheka nao, akawasifia kete zao, na siku iliyofuata hakushuka tena. Alikwenda kukaa juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba, akiangalia ziwa.

Huko hakuna aliyemsumbua. Asubuhi wadudu wa ziwani walipaa juu ya maji, wingu zito la kijivu lililosimama wima, likitembea polepole kuelekea visiwani bila kugusa chini. Mzee aliliangalia mpaka likawa vumbi. Akaliona ni vumbi la ng'ombe wake, wamerudi wote, hata Mabala, yule jike mwenye madoa aliyemuuza ili mkewe azikwe vizuri. Alijua anaota. Macho yake yalikuwa wazi, na jiwe lilikuwa la moto chini yake, lakini ng'ombe waliendelea kupita, na yeye akawaacha wapite.

* * *

Kitu alichobakiwa nacho ni hadithi ya kulala. Chenge hakuikubali nyingine ila ya josho. Kila siku mzee alimsimulia vilevile: jinsi kijiji kizima kilivyopeleka mifugo siku moja, jinsi ng'ombe walivyosukumwa mmoja mmoja kwenye lile shimo refu la maji yenye dawa ya kupe, wakatumbukia puu, wakaogelea pua juu, wakatoka upande wa pili wanatiririka. Na mwisho kabisa, msimamizi wa josho alipanda juu ya ukuta akapaza sauti.

"Kabaki nani?" mzee aliuliza gizani.

"Hakunaaa!" Chenge alijibu.

"Hata ndama?"

"Hata ndama!"

"Kwa nini tusiache hata ndama?"

"Kwa sababu atawarudishia wote kupe," Chenge alisema, na hapo kwa kawaida usingizi ulikuwa umeshamchukua.

Basi Mama Queen alipoona upele wa mtoto hauishi, akakata shauri. Alisimama nje ya lile pazia la maua, kichwa ameinamisha.

"Queen, mwambie babu, kuanzia leo Chenge atalala kwetu."

Pazia halikutikisika. Halafu sauti ikasema: "Mwambie mama ni sawa."

Chenge alilia mpaka akapaliwa. Mzee Luhaga alilala katikati ya kitanda kilichokuwa kipana ghafla, akayapanga mambo kichwani kwa utaratibu wa mfugaji. Dawa ilikuja, watu wote wakaogeshwa. Mmoja hakuogeshwa. Walikuwa wanamwona, wanampa chakula, wanampa maji, kwa hiyo hawakumsahau. Na mnyama usiyemwogesha, kama unalipenda zizi lako, unamtoa zizini. Hata yeye angefanya hivyo. Hakumlaumu mtu. Aliumia tu, aliumia sana, akashangaa kwamba mtu wa umri wake bado anaweza kuumia namna ile.

* * *

"Mmepaka wote?" nesi Wilhelmina aliuliza, akimgeuzageuza Chenge mkono.

"Wote."

"Mashuka mmechemsha?"

"Yote."

"Mama Queen, huu si upele wa jana, lakini mpya nao upo. Mtoto alikuwa analala na nani?"

Mama Queen aliangalia sakafu. "Na babu yake."

"Babu yupi? Mbona hukumtaja?"

"Baba wa baba yake."

Nesi aliacha mkono wa mtoto. Kwa jina na kwa lafudhi alikuwa Mhaya wa Bukoba, lakini alikuwa amekaa Mwanza muda wa kutosha, na hakuhitaji maelezo marefu.

"Kwani yeye si mtu?"

Swali halikuulizwa kwa ukali, lakini lilimwingia Mama Queen hadi kwenye mifupa. Palepale aliiona ile jioni ya dawa, pazia la maua, na Queen akirudi na sahani. "Mama," Queen alikuwa amemwambia usiku ule, "babu alikuwa amevua shati." Naye alikuwa amejibu, "Joto hilo." Mama Queen aliziba mdomo kwa mkono.

Nesi akampimia dawa upya, chupa kubwa zaidi, na ya mtoto akaizimua kando. "Shingoni hadi unyayo, wote jioni moja. Shuka la babu nalo lichemshwe. Akija kupona yeye, mmepona."

Aliporudi, pazia la maua lilikuwa limefungwa pembeni. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Fimbo haikuwepo ukutani, wala lile shuka la mistari alilokuwa akijifunga mzee kila akitoka.

"Babu yuko wapi?"

"Kaenda kuwaona ng'ombe wake," Queen alisema. "Kasema nikuage."

"Ng'ombe gani, Queen? Babu hana ng'ombe!"

Selina, mama mwenye nyumba, alitoa kichwa dirishani. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi alimwangalia Mama Queen usoni. "Kapanda gari la Nyegezi, sasa hivi tu. Nimemsalimia, kaniambia Hungumalwa. Kimbia."

* * *

Bodaboda ilimshusha kwenye kelele. Stendi ya Nyegezi ilikuwa imejaa jua, moshi, wauza maji na wapiga debe, na mabasi yamesimama yakinguruma. Kila mahali palikuwa na wazee wenye fimbo na shuka la mistari. Mama Queen hakujua kwamba wapo wengi namna ile.

"Baba!" aliita. "Baba!"

Wazee watatu waligeuka, na mwenye mbuzi akawa wa nne. Hakuwemo.

"Mama, unakwenda wapi? Shinyanga? Kahama?" Mpiga debe kijana, kofia kaigeuza nyuma, alimshika mkono.

"Namtafuta mzee. Baba mkwe wangu."

"Anaitwa nani, tumwite?"

"Baba Alexander."

"Baba Alexandaaa!" kijana alipaza sauti. Mzee mmoja mwenye suti akaja mbio akisema ni yeye, kuna msiba? Haikusaidia. Mume wa Mama Queen alilipata jina la Alexander ukubwani, alipobatizwa ili wafunge ndoa kanisani, na mzee wake hakuwahi kuitwa hivyo na mtu.

"Jina lake mwenyewe, mama," kijana alisema. "Jina lake la kuzaliwa. Basi la Shinyanga ndilo hilo linatoka."

Basi hilo, ndilo lipitialo Hungumalwa, lilikuwa limeanza kurudi nyuma polepole. Mama Queen alisimama katikati ya vumbi, chupa ya dawa ameibana kifuani. Kelele za stendi zilionekana kwenda mbali, kama anazisikia akiwa chini ya maji. Akilini aliwaona mama zake wote, shangazi na bibi waliomfunda, wamesimama kimya wanamwangalia. Akafumba macho.

"Luhaga!" aliita.

Lilitoka dogo, na yeye mwenyewe akashtuka. Akavuta pumzi.

"Luhaga! Luhagaaa!"

Kijana wa kofia akalidaka. Kazi yake ni kuita, na hili lilikuwa jina rahisi kuita. "Luhaga! Luhaga hapa! Luhaga!" Mwenzake wa basi la Kahama akalipokea bila kuuliza ni la nini, na mwingine upande wa pili akaongeza, "Luhaga, Luhaga, siti ipo!" Jina lile, ambalo Mama Queen alikuwa amelibeba kooni tangu harusi yake, likaruka kutoka basi hadi basi. Stendi nzima ya Nyegezi ikawa inamwita mtu mmoja.

Basi la Shinyanga likasimama. Mlango ukafunguka, ikatangulia kushuka fimbo, kisha mguu.

Mzee Luhaga aliwaangalia watu mmoja mmoja, macho yamejaa mshangao wa mtu aliyeamshwa. "Nani kaniita?"

Mama Queen alipiga magoti palepale kwenye vumbi na oili. Hakukuwa na Queen wa kumtuma.

"Ni mimi, baba. Nisamehe. Nimekuita kwa jina." Machozi yalimtoka, hakuyafuta. "Nilikuacha nje ya dawa. Sikukutaja kule kwa nesi kwa sababu niliogopa kukutaja. Nilidhani ndiyo heshima. Dawa yako hii hapa, baba, twende nyumbani."

Wapiga debe, jambo ambalo ni nadra, waliacha kuita.

"Tangu mama yake mumeo afariki sijalisikia jina hilo," mzee alisema. "Huku mjini mimi ni babu, mimi ni mzee, mimi ni ngosha, Msukuma yeyote tu. Mle ndani ya basi nilidhani ni yeye ananiita. Nikasema, basi, nimeshafika." Akamnyooshea fimbo ashike ainuke. "Simama, mama. Watu wanatuangalia."

* * *

Jioni mlango ulikuwa wazi tena upande wa ziwa. Mzee Luhaga alitoka chumbani na mashuka yake mikononi, akasita kidogo, akamkabidhi mkamwana wake moja kwa moja, mkono kwa mkono. Mama Queen akayapokea, akayatia kwenye sufuria lililokuwa linachemka. Wote wawili waliona aibu, na wote wawili walibaki wazima.

Kisha mzee akarudi chumbani, akavua shati. Alijipaka mbele mwenyewe, na mgongo akawaachia wajukuu. Chenge alipaka huku, Queen akapaka kule, wakakutana katikati, wakamwandika majina yao mgongoni kwa vidole, wakayafuta. Mama Queen alisimama nje ya chumba, akielekeza kwa sauti: "Na nyuma ya magoti, baba. Na katikati ya vidole vya miguu." Dawa ilimchoma mzee, akafoka Kisukuma, watoto wakaanguka chini kwa kicheko. Ziwa liligeuka dhahabu, likawa la zambarau, na mle ndani walikuwa weupe wote.

"Kabaki nani?" Mzee Luhaga alipaza sauti.

"Hakunaaa!" Chenge alijibu.

"Mwongo wewe. Tazama vizuri."

Chenge alijitazama, akamtazama dada yake, akamtazama babu. Pazia la maua lilikuwa limefungwa pembeni. Mlangoni alisimama mama yao, kaikumbatia chupa iliyobakia dawa kidogo, viganja vyake vimejaa mikwaruzo, nguo yake bado ina oili ya Nyegezi magotini. Alikuwa amehakikisha wote wamepakwa, na yeye hakuwa amejigusa.

Kwa majirani, kwa mwalimu, kwa nesi, hata kwa mumewe kwenye simu, alikuwa Mama Queen. Kwa mzee huyu alikuwa "mama" tu, tena kwa kupitia kwa mtoto. Mzee Luhaga alimwangalia, akamwita kwa jina alilopewa na wazazi wake.

"Bernadeta," alisema. "Kabaki wewe. Queen, mpokee mama chupa umpake, hatulali mpaka amepakwa."

Mama Queen alichelewa kidogo kuitika, maana ulikuwa muda mrefu hajaitwa hivyo. Kisha akapiga goti.

"Abee, baba," alisema, akampa binti yake chupa.